SV650S ya mwaka 2000 kwa siku za treki, bajeti ndogo: pesa iende wapi kwanza?

Kona_Ndefu:

Habari wakuu.

Nina Suzuki SV650S ya mwaka 2000, ile ya kabureta, kilomita 41,000 kwenye saa. Nataka kuitoa barabarani iwe ya treki (uwanja wa mbio) tu, kundi la wanaoanza, siku chache kwa mwaka. Mashindano sina mpango nayo. Bajeti nzima, matairi yakiwemo, ni kama theluthi moja ya thamani ya pikipiki yenyewe, kwa hiyo kila kinachonunuliwa lazima kiwe na sababu.

Hali yake: shokapu za mbele na nyuma ni za kiwandani, na kwenye kitabu cha huduma hakuna sehemu inayoonyesha zimewahi kufunguliwa. Pedi za breki zimebaki nusu. Matairi yana meno ya kutosha, ubavuni yameandikwa 1412 la mbele na 3611 la nyuma. Injini inaunguruma vizuri, haili oili. Uzito wangu ni kilo 80, nikivaa suti ya ngozi na helmeti nakaribia 90.

Maswali:
1. Nianze na nini?
2. Ukikamata breki kwa nguvu mbele inapiga magoti, yaani inazama, vibaya sana. Nibadilishe springi tu, au nitafute shokapu kamili za mtumba za GSX-R?
3. Ekzosti ya wazi na jeti za kabureta (vitundu vinavyopima petroli) zina faida kwa matumizi haya?
4. Feringi, yaani mabodi ya plastiki: ninunue ya faiba au nitumie ya kiwandani?

Nawasilisha.

---

FundiSpana:

Mkuu umechagua pikipiki nzuri kwa kazi hii. Nyepesi, injini ya V yenye silinda mbili inavuta kuanzia chini, vipuri vya mtumba vipo tele. Ila ina zaidi ya miaka ishirini, na treki huitoa hadharani kila hitilafu ambayo barabarani ingekaa kimya. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ifungue na uikague. Mambo mengi hapa chini yanahitaji grisi na muda kuliko pesa.

Beringi za usukani: nyanyua mbele gurudumu lielee, zungusha usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukihisi unajishika palepale katikati, beringi zimeshachimba vishimo kwenye vikombe vyake, kukaza nati hakutasaidia, badilisha. Kisha shika miguu ya shokapu kwa chini uvute mbele na nyuma. Mchezo wowote unaousikia hapo utakurudia kama mtikisiko kila ukikamata breki.

Viungo vya shokapu ya nyuma na swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma): humo kuna beringi za sindano ambazo kwenye pikipiki nyingi za umri huu hazijaonja grisi tangu kiwandani. Zikikauka, shokapu ya nyuma haisogei vizuri hata ukiweka ya bei mbaya kiasi gani. Toa bolti, osha, paka grisi, kagua vishafti vyake kama vina kutu au mikwaruzo.

Cheni: ivute ikaze, pima pini 21, yaani mapengo 20. Ikizidi milimita 319.4 imeshatanuka, inatoka pamoja na sproketi zote mbili. Mchezo wa cheni uwe milimita 20 hadi 30, na upimie sehemu kadhaa huku ukizungusha gurudumu, maana cheni nzee huwa imekaza sehemu moja na kulegea nyingine. Irekebishe kwa kufuata ile sehemu iliyokaza zaidi.

Valvu: ratiba ya kiwanda ni kila kilomita 24,000, kwa hiyo moja ilishapita na nyingine inakuja. Injini ikiwa baridi kabisa, za kuingiza ziwe milimita 0.10 hadi 0.20, za kutoa 0.20 hadi 0.30. Zinazoleta shida zaidi ni za kutoa zinapobana, kwa sababu valvu isiyokaa kwenye kiti chake haipoi na mwisho huungua. Na ukumbuke treki itaizungusha karibu na 10,000 kwa dakika muda mrefu.

Jambo moja la SV peke yake: plagi ya silinda ya mbele imekaa ndani ya kisima kinachopokea maji na tope la gurudumu. Kisima kina kitundu kidogo cha kutolea maji pembeni mwa kichwa cha silinda. Kikiziba, maji yanajaa na silinda ya mbele inaanza kukosa moto. Pitisha waya mwembamba mpaka uone mwanga, puliza, kisha paka grisi ya silikoni kwenye kofia ya plagi.

Chaji: ukiwa kwenye mizunguko 5,000, betri isome kati ya volti 13.5 na 15. Chini au juu ya hapo tafuta sababu kabla hujafika treki, hasa soketi ya regyuleta (kifaa kinachodhibiti chaji) iliyobabuka kwa joto.

Oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Zile za magari zinazojinadi kubana mafuta zina viungo vinavyofanya klachi iteleze. Kiwango kiwe karibu na mstari wa juu, pikipiki ikiwa wima. Ukikaa mstari wa chini, oili ikisukumwa mbele kwenye breki kali pampu inaweza kunyonya hewa.

Sasa breki, na hapa usibane pesa. Kalipa za hiyo SV, yaani vile vibanio vya pedi, ni za pistoni mbili na zinatelezea kwenye pini. Pini zikikauka kalipa inavuta upande mmoja, pedi zinaliwa kwa mshazari na lever inakuwa kama sponji. Toa kalipa, toa pini, safisha, paka grisi ya silikoni inayovumilia joto. Pistoni zisukume nje kidogo kidogo, zisugue kwa mswaki na mafuta ya breki, kisha uzirudishe. Ikibaki kutu au mkwaruzo, badilisha mpira wake. Bolti za kalipa kwenye mguu wa shokapu ni Nm 39, bolti za paipu Nm 23 na washa mpya za shaba kila ukifungua.

Paipu za mpira za umri huo zinavimba ukikamata. Weka za waya wa chuma zilizosukwa. Mafuta ya breki yawe DOT 4 mapya au DOT 5.1. DOT 4 mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kushuka mpaka 155, na kwenye treki joto hilo linafikika. Yakichemka, lever inalala mpaka kwenye mpini bila kukamata kitu. DOT 5, ile ya silikoni, usiiguse: haichangamani na hizo nyingine. Pedi ziwe za sintadi, yaani za unga wa chuma uliogandamizwa kwa joto. Hizo zilizobaki nusu zihifadhi kama akiba, kwa sababu pedi nyembamba inapitisha joto haraka zaidi kwenda kwenye pistoni na mafuta. Diski zina unene wa chini uliochorwa juu yake, pima kwa maikromita usikadirie kwa jicho.

Ekzosti na jeti: hapana. Ukifungua ekzosti na filta ya hewa bila kugusa jeti mchanganyiko unakuwa mkavu, hewa nyingi petroli kidogo, na injini inapata joto. Ukigusa jeti unahitaji muda na vipimo. Faida utakayopata ni ndogo kuliko ile ya kuchelewa breki mita tano kwa ujasiri. Halafu viwanja vingi vina kikomo cha kelele, ukizidi unaondolewa na siku yako imekwisha.

---

Springi_na_Oili:

FundiSpana kamaliza breki. Mimi nachangia swali la 2, maana ndilo litakalobadilisha hiyo pikipiki kuliko kitu kingine.

Mbele inapiga magoti kwa sababu mbili zilizo tofauti, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni springi laini: kiwanda kiliilenga kwa mtu mwepesi wa mjini. Ya pili ni jinsi mafuta yanavyodhibitiwa. Shokapu hizo za milimita 41 ni za fimbo yenye matundu. Mafuta yanapita kwenye matundu ya ukubwa uleule siku zote, kwa hiyo shokapu ikisogea polepole, mfano unapokamata breki, mafuta yanapita bila kizuizi na mbele inazama. Ikigongwa na tuta la ghafla, mafuta mengi yanagombania matundu yaleyale, inakuwa ngumu kama gogo na tairi linaruka. Laini pale unapotaka ugumu, ngumu pale unapotaka ulaini. Ukimwaga mafuta mazito humo unapunguza kuzama huku ukizidisha ule ugumu kwenye matuta.

Dawa ya bei nafuu ni springi ngumu pamoja na emuleta. Emuleta ni valvu ndogo inayokaa juu ya fimbo, chini ya springi kuu, ina springi yake ndogo inayobana mafuta kwenye mwendo wa polepole na kufunguka ghafla inapogongwa. Kwa kilo 90 ukiwa umevaa, chukua springi za kilo 0.90 kwa milimita. Mtu wa kilo 75 angechukua 0.85, wa 100 angechukua 0.95.

Kazi inakwenda hivi. Legeza kofia za juu pikipiki ikiwa bado imefungwa kamili, na miguu ikiwa imebanwa na klampu ya chini. Ukishatoa mguu mezani, kofia iliyokaza haikamatiki bila kuumiza bomba. Mwaga mafuta. Bolti ya chini iliyoshika fimbo hufunguliwa springi ikiwa bado ndani, kwa sababu ndiyo inayozuia fimbo isizunguke. Bunduki ya hewa huifungua mara moja. Kama huna, chonga ncha ya mpini wa ufagio, usukume ndani kwa nguvu mpaka ushike kichwa cha fimbo, mwenzako afungue chini.

Fimbo ikishatoka, matundu yake ya chini lazima yatanuliwe, kwa sababu kazi ya kuzuia mafuta wakati wa kubonyea sasa ni ya emuleta. Yawe angalau sita ya milimita 8, mawili mawili yanayotazamana, kila jozi ikiwa imegeuzwa robo mzunguko kutoka jozi inayofuata, na umbali wa milimita 10 hivi kati yao fimbo isidhoofike. Lile tundu dogo la juu, karibu na pete ya pistoni, usiliguse kabisa: hilo ndilo la kudhibiti kurudi. Lainisha kingo zote ndani na nje kwa tupa na msasa, osha mpaka usione hata chembe. Chuma kilichobaki humo kitatafuna bushi na mpira wa kuzuia mafuta.

Wakati wa kurudisha weka sili mpya za mafuta na za vumbi, washa mpya ya shaba kwenye bolti ya chini, na gundi ya nyuzi. Mafuta ya 15W. Kiwango pima springi ikiwa nje na mguu umebonyezwa mpaka mwisho: milimita 140 kutoka ukingo wa juu wa bomba hadi kwenye uso wa mafuta. Hewa iliyobaki hapo juu nayo ni springi. Ukiona mbele bado inafika chini kabisa kwenye breki, panda hadi 130 kwa kuongeza mafuta kidogo, na miguu yote miwili iwe sawa kwa milimita.

Emuleta anza nayo ikiwa imekazwa zamu 2 tangu springi yake ndogo iguse. Kila marekebisho yawe ya nusu zamu. Ili kuirekebisha unafungua kofia, unatoa springi kuu, unaivua emuleta kwa ndoano ya waya. Juu ya springi kuu unahitaji bomba la kujazia nafasi. La plastiki ngumu ya mabomba ya maji linatosha, likatwe wima kabisa, na washa ya chuma kati yake na springi. Likate kwa urefu utakaoibana springi milimita 15 hivi unapofunga kofia.

Kisha pima segi, yaani kiasi ambacho shokapu inabonyea ikikubeba. Nyanyua mbele mpaka mguu unyooke wote, pima sehemu ya chuma inayong'aa: tuseme 142. Panda ukiwa umevaa kila kitu, mtu mmoja akushikilie nyuma, mwingine abonyeze mbele na kuachia polepole: 106. Ainyanyue mbele na kuachia polepole: 112. Wastani wa hizo mbili ni 109, kwa hiyo segi ni 33. Unataka 30 hadi 35 mbele, na 25 hadi 30 nyuma ukipima kutoka kwenye ekseli hadi alama uliyoiweka wima juu yake kwenye mkia. Tofauti kati ya vipimo vile viwili, hapa 6, ni msuguano. Ikizidi 10, miguu haiko sambamba au sili zimekauka: legeza ekseli na klampu za chini, bonyeza mbele mara kadhaa, kaza upya.

Nyuma, shokapu ya kiwandani inakupa mkazo wa springi tu. Kwa msimu wa kwanza itoshe hivyo.

---

Mwendo_wa_Nyuma:

Springi_na_Oili nakuheshimu, lakini hapa nitapingana kidogo. Seti ya emuleta, springi, sili na mafuta ukivijumlisha, na kama kazi inafanywa gereji, unakaribia bei ya mbele nzima ya mtumba ya GSX-R600 ya 2001 hadi 2003. Zile bado ni za kawaida, si za kupinduliwa, milimita 45, na zina skrubu za mkazo, za kubonyea na za kurudi. Unazirekebisha kwa bisibisi katikati ya mizunguko miwili. Na zinakuja na kalipa za pistoni nne.

---

Springi_na_Oili:

Kama unaipata mbele nzima, kweli. Tatizo liko kwenye neno hilo "nzima". Unahitaji miguu, klampu ya juu na ya chini pamoja na shina lake, gurudumu, ekseli, diski, kalipa, masta silinda na madigadi. Ukikosa gurudumu tu, akiba yote imeisha. Kisha kuna kazi ya ziada: vizuizi vya usukani havikutani na fremu ya SV, kwa hiyo miguu inaweza kugonga rejeta au tangi ukikata kona ya kuegesha, swichi ya ufunguo haina pa kukaa, na urefu wa miguu ni tofauti, maana yake pembe ya usukani inabadilika kama hukupima kutoka klampu ya chini hadi ekseli kabla na baada.

Na shokapu ya mtumba yenye miaka ishirini nayo inadai sili, bushi na mafuta. Kwa theluthi ya thamani ya pikipiki, tena matairi yakiwemo, Kona_Ndefu hana nafasi hiyo. Emuleta akifanya mwenyewe ataendesha misimu mingi bila kugonga ukomo wake. Ila mtu akiuza mbele kamili kutoka pikipiki moja, bei ikiwa ya chini, nami ningeichukua.

---

Raba_Moto:

Hakuna aliyegusa matairi, na ndiyo jambo la hatari kuliko yote kwenye swali. Tarakimu nne za ubavuni ni wiki na mwaka. La mbele limetengenezwa wiki ya 14 ya 2012, la nyuma wiki ya 36 ya 2011. Meno hayana maana hapo. Raba imeshapoteza mafuta yake, imekuwa kama plastiki, na kona ya kwanza tairi likiwa halijapata moto utakuwa chini. Yatoke leo, kabla ya emuleta, kabla ya kila kitu.

Nunua matairi ya michezo ya barabarani, radial, yale yanayouzwa kwa matumizi ya barabara na treki pamoja. Usishawishike na sliki (matairi ya mashindano yasiyo na meno) zilizotumika hata ukipewa bure. Sliki inahitaji blanketi za umeme na mwendo mkali ili ifikie joto lake, na kundi la wanaoanza halitaifikisha. Sliki baridi inashika vibaya kuliko tairi la barabarani lenye moto. Tairi la michezo la barabarani linapata joto ndani ya mizunguko miwili ya taratibu, na linakwambia mapema kabla ya kuteleza.

Saizi: nyuma baki na 160/60. Rimu ya hiyo SV ni ya inchi 4.5. Ukilazimisha 180, ambalo limechorwa kwa rimu ya inchi 5.5, linabanwa kingo na kuchongoka katikati, na pikipiki inakuwa nzito kulala. Utakuwa umelipa zaidi upate tairi baya zaidi.

Mbele kiwanda kiliweka 120/60, na saizi hiyo siku hizi ni adimu kwenye matairi mazuri. Watu wengi huweka 120/70. Inafaa, lakini fanya hesabu: asilimia 60 ya 120 ni milimita 72, asilimia 70 ni 84, kwa hiyo mbele inapanda milimita 12 hivi na pikipiki inakuwa mvivu kuingia kona. Ipandishe miguu ya shokapu ndani ya klampu kama milimita 10 kurudisha urefu. Halafu toa springi kwa muda, shusha mbele mpaka mwisho wa safari yake, uhakikishe tairi haligusi madigadi wala rejeta, na klampu ya chini haigusi madigadi. Kwa kuwa utafungua shokapu kwa ajili ya emuleta, kipimo hiki kifanye siku hiyohiyo kabla hujaweka springi mpya.

Upepo: anza psi 31 mbele na 29 nyuma, matairi baridi, kivulini. Ukitoka tu treki, kabla hujavua hata glavu, pima tena. Unatafuta ongezeko la psi 3 hadi 5. Likizidi 6, ulianza na upepo mdogo, tairi linajikunja kupita kiasi na kuungua. Likiwa 1 au 2, upepo ulikuwa mwingi au mwendo bado mdogo. Kama mtengenezaji wa tairi ametoa namba zake za treki, fuata zake uache zangu. Tumia geji moja siku zote. Geji mbili tofauti zitakupotosha zaidi ya geji moja yenye kosa dogo.

---

KoleoNaWaya:

Swali la 4 na maandalizi ya ukaguzi.

Feringi ya kiwandani itoshe kwa mwanzo. Vua vioo, taa za ishara, kibati cha namba na vishikio vya abiria. Taa kubwa ukiweza kuivua ivue, ukiiacha toa fyuzi yake na ufunike kioo chote kwa utepe imara ili kisitawanyike. Ukianguka na feringi ikapasuka ndipo ununue ya faiba, isiyopakwa rangi. Ukinunua chukua yenye tumbo la chini linaloshika oili. Kanuni nyingi za mashindano zinataka tumbo hilo libebe angalau nusu ya oili na maji ya injini kwa pamoja. Siku za treki za kawaida hazidai hivyo, lakini oili ikimwagika kwenye mstari wa mbio anayeumia ni mwenzako anayekufuata.

Maji ya rejeta: mwaga kulanti yenye glaikoli yote, suuza mara mbili, weka maji yaliyochujwa kwa mvuke pamoja na dawa ya kuzuia kutu isiyo na glaikoli. Glaikoli ikimwagika inateleza na haikauki, ndiyo sababu viwanja vingi vinaikataa. Pikipiki ikikaa mahali penye baridi ya kugandisha, mwaga maji hayo baada ya msimu, vinginevyo yatapasua silinda.

Waya wa usalama: chuma kisichoshika kutu, milimita 0.8. Toboa vichwa vya bolti kwa drili ya 1.5, taratibu, na tone la mafuta ya kukatia, maana ncha za drili za unene huo zinakatika ukisukuma. Bolti ya kumwagia oili, kifuniko cha kujazia oili, na filta. Filta haina pa kutoboa: ifunge klampu ya paipu kiunoni, kisha funga waya kutoka kwenye klampu hadi sehemu isiyosogea. Bolti za kalipa pia. Mwelekeo ndio kila kitu: waya uvute bolti upande wa kukaza. Ukifunga kinyume umeisaidia kufunguka. Usokote mizunguko mitatu kwa kila sentimita, na ncha uikunje ndani isichane vidole vya mkaguzi.

Stendi ya pembeni iache msimu wa kwanza, ila ongeza springi ya pili. Ukiitoa bila kuunganisha swichi yake, injini itazima kila ukiingiza gia.

Vitu vitakavyovunjika ukianguka taratibu: lever ya klachi, lever ya breki, pedali ya gia, kikanyagio, ncha ya mpini. Beba cha akiba kwa kila kimoja, vya mtumba, viko bei ndogo. Vipande vya kukinga fremu na kifuniko cha jenereta vinafaa kununuliwa mapema, kwa sababu kifuniko kikitoboka oili yote iko chini.

---

Kona_Ndefu:

Ahsanteni sana wakuu, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Matairi nimeelewa, yanatoka. Mawili ya mwisho: sproketi nibadilishe? Na nikishagawa pesa ya matairi na breki, emuleta zikawa hazifikiki mara moja, niweke springi peke yake kwanza?

---

Springi_na_Oili:

Ndiyo, springi 0.90 na mafuta mapya ya 15W kwanza. Fimbo usitoboe mpaka emuleta ziwe mkononi, kwa sababu fimbo yenye matundu makubwa bila emuleta haizuii chochote, mbele itakuwa kama kitanda cha springi. Katika hatua hiyo huhitaji kufungua bolti ya chini: toa kofia, toa springi, pindua mguu, usukume mara nyingi mpaka mafuta yaishe, jaza upya. Sili kama hazivuji ziache. Ukirudi baadaye kwa emuleta utalipia mafuta mara ya pili, basi.

Ukishaendesha, angalia namna inavyorudi. Bonyeza mbele kwa nguvu uachie: ipande mara moja na kutulia. Ikipita juu na kushuka tena, mafuta ni mepesi, nenda 20W. Kudhibiti kurudi kwenye shokapu za aina hii ni unene wa mafuta tu, skrubu hakuna.

---

FundiSpana:

Sproketi: sasa hivi una 15 mbele na 44 nyuma, uwiano wa 2.93. Ukiweka 14 mbele unapata 3.14, sawa na kuweka 47 nyuma, na inagharimu kipande kimoja kidogo tu. Inakupa mvuto zaidi ukitoka kona, ila utabadilisha gia mara nyingi zaidi, na kwa anayeanza hiyo ni kazi ya ziada katikati ya kona. Endesha siku ya kwanza na 15. Ukiona kona moja inakulazimisha kubaki gia ya pili inalia au ya tatu inakosa nguvu, jaribu 14 siku inayofuata. Usiweke 14 mpya juu ya cheni iliyochoka. Na cheni yako ya saizi ya 525 usiibadilishe kuwa 520, ile nyembamba zaidi, mpaka imalizike yenyewe.

Mgawanyo wangu kwa bajeti yako: karibu nusu kwenye matairi, robo kwenye paipu, pedi na mafuta ya breki, kinachobaki springi, waya, lever za akiba na kikinga cha kifuniko cha jenereta. Emuleta msimu ujao. Na usiku wa kabla ya kwenda, pitia bolti zote za ekseli, kalipa, usukani na sproketi kwa spana ya toki (inayopima mkazo), uweke alama ya rangi kwenye kila moja uliyoikaza, ili mchana ukitoka treki uone kwa jicho kama kuna iliyogeuka.